Nta ya skii na theluji inayobadilika: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi wetu wa Afrika Mashariki tulianza kuzisikia mbio za masafa za skii, vibao virefu vyembamba vya kutelezea kwenye theluji, mwaka 1998. Philip Boit wa Kenya alifika wa mwisho katika kilomita 10 za Olimpiki ya Nagano, na Bjørn Dæhlie wa Norway, mshindi wa siku ile, akamsubiri mstarini amkumbatie. Zilikuwa mbio za mtindo wa klasiki, ambao skii hupishana mbele na nyuma ndani ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji. Katika mtindo huo nta ndiyo inayomwezesha mtu kupanda kilima bila kurudi nyuma, na juu yake yanasemwa mengi yasiyo sahihi.

"Nta ni ya kuifanya skii iteleze"

Hiyo ni nusu tu. Skii ya klasiki hupakwa nta mbili zenye kazi zinazopingana: ya kuteleza mbele na nyuma, na ya kushika katikati, chini ya mguu. Skii ina upinde. Ukisimama kwa miguu yote miwili, sehemu ya katikati inabaki imeinuka. Ukikandamiza kwa mguu mmoja, inashuka, chembe za theluji zinachoma ndani ya nta, skii inashika nawe unajisukuma. Uzito ukiondoka, inaachia.

Kujua eneo la nta ya kushika, weka skii kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, zikanyage kwa uzito uliogawanyika, halafu mwenzako apitishe karatasi chini yake. Pale karatasi inapokwama mbele na nyuma, tia alama. Kisha weka uzito wote mguu mmoja: karatasi ikiendelea kupita, skii hiyo ni ngumu mno kwako na hakuna nta itakayokuokoa. Kwa mtu mzima eneo hilo huwa karibu sentimita 50 hadi 70, kuanzia kisigino kwenda mbele. Mtindo huru, wa kusukuma kwa kutanua miguu, hauhitaji nta ya kushika kabisa.

"Soma kipimajoto, chukua kopo la rangi yake"

Hili ndilo kosa linaloharibu mbio nyingi kuliko mengine yote. Ni kweli makopo yana rangi: kijani kwa baridi kali, bluu kwa baridi ya kawaida, zambarau karibu na nyuzi 0, nyekundu kwa theluji yenye unyevu. Lakini kinachogusana na nta ni chembe ya theluji. Hewa haimo.

Theluji iliyoanguka usiku ina chembe zenye ncha kali. Kwa nyuzi 5 chini ya sifuri, nta ngumu ya bluu inatosha: ncha zinachoma kidogo na kutoka. Theluji iliyoyeyuka mchana na kuganda tena usiku haina ncha hizo. Chembe zake ni za mviringo, nzito, zimeshikana kama barafu. Kwa nyuzi zilezile 5, nta ya bluu itapita juu yake kama sahani juu ya kioo. Hapo inatakiwa klista, nta inayonata kama asali nzito na kukaa kwenye tyubu. Kipimajoto kimesema kitu kimoja siku zote mbili, na jibu ni tofauti kabisa.

Isitoshe, joto la hewa na la theluji si kitu kimoja. Hewa ikiwa +6, theluji haivuki 0. Inachoongeza ni maji. Na baada ya usiku wa anga wazi, theluji huwa baridi kuliko hewa. Choma kipimajoto kwenye sentimita ya juu ya theluji, kivulini, na uache kitulie.

Halafu tumia mkono. Kamata theluji ya kwenye mfereji, ukiwa na glovu, uifinye. Ikimwagika kama unga, ni kavu. Ikishikana donge, ina unyevu, nawe umeingia eneo la zambarau na nyekundu. Maji yakichuruzika, fikiria klista. Theluji ya mashine nayo ina tabia yake: chembe zake hukwaruza, zinaila nta haraka, kwa hiyo nta ya msingi, tabaka la kwanza kabisa, lazima iwe imara.

"Nta sahihi ni inayofanya kazi saa ya kuanza"

Tazama mbio za Birkebeinerrennet za Norway: kilomita 54 za klasiki kutoka Rena hadi Lillehammer, kila mmoja na mzigo wa kilo 3.5 mgongoni. Njia inaanza bondeni, inapanda mlimani zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, kisha inashuka. Ni mwezi Machi. Bondeni unaweza kukuta mifereji migumu iliyoganda, mlimani theluji mpya iliyopeperushwa na upepo, na kule mwisho jua limekwisha kulainisha kila kitu.

Anayepaka kwa ajili ya kilomita tano za kwanza analipa baadaye. Jiulize ni wapi utahitaji kushika zaidi, na theluji ya hapo itakuwaje saa utakayofika wewe, siyo saa atakayofika bingwa. Mtu anayetumia masaa matano njiani anakuta theluji nyingine na mifereji iliyochakaa.

Jibu la kawaida ni kupaka kwa mikono, kama rangi ya ukuta. Kwaruza eneo la kushika kwa msasa namba 100 hadi 150, paka nta ya msingi nyembamba, ipige pasi, iache ipoe. Kisha piga mikono mitatu hadi sita ya nta ya siku, kila mmoja mwembamba, ukiusugua kwa kizibo hadi ung'ae. Nta laini hukaa juu ya ngumu. Ngumu juu ya laini kwa kawaida huchanganyika na kukosa kazi yake. Klista ni ya pekee: ukiipaka nyembamba na kuigandisha nje kwenye baridi, unaweza kuifunika kwa nta ngumu ukisugua taratibu. Wanaokutana na barafu chini na theluji mpya juu hufanya hivyo. Eneo la klista liwe fupi kwa mbele kwa sentimita 5 hadi 10, kwani ni nene na itagusa theluji hata unapoteleza.

"Isiposhika, paka laini zaidi"

Siyo hatua ya kwanza. Ongeza mkono mmoja au miwili ya nta ileile. Bado? Refusha eneo kwa mbele sentimita chache. Ikishindikana, ndipo uende kwenye laini. Nta laini kupita kiasi inaacha chembe zizame na kubaki, na theluji inajijenga chini ya skii. Jaribu kwenye kilima halisi cha mbio, baada ya dakika kumi nje, kwa kuwa nta yenye joto la chumbani hudanganya.

"Nta ya kuteleza ikiwa nyingi, kasi inaongezeka"

Hapana. Iyeyushe kwa pasi, nyuzi 120 hivi kwa laini na 150 hivi kwa ngumu, usiisimamishe pasi mahali pamoja. Moshi ukitoka, punguza; soli, yaani upande wa chini wa skii, ikiungua haifyonzi nta tena. Ikipoa, kwangua yote kwa kikwaruzo cha plastiki, kisha piga brashi kutoka ncha hadi mkia. Tabaka linalobaki juu ni breki.

Penye maji mengi, michoro ya soli huzidi nta kwa umuhimu. Maji huivuta skii chini kama vioo viwili vilivyolowana, na mifereji mikubwa kwenye soli huyapa njia. Kwenye baridi kali, michoro iwe midogo.

"Mabingwa wana unga wa florini"

Waliwahi kuwa nao, na kwenye theluji yenye unyevu ulifanya kazi kweli. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lilipitisha marufuku Novemba 2019, na utekelezaji kamili ukaanza msimu wa 2023/24. Skii hupimwa kwa kifaa, zikikutwa na florini mshindani anaondolewa. Marufuku hii ni ya haki. Kemikali hizi haziozi, na damu ya mafundi wa nta wa Norway na Sweden ilikutwa na PFOA, mojawapo ya kemikali hizo, nyingi kupita kawaida. Kama una brashi na pasi za zamani, usizitumie kwa skii za mashindano: mabaki yake yanatosha kukuangusha kwenye kipimo.

Na theluji ikianza kuganda chini ya skii katikati ya mbio, usipige skii chini kwa hasira. Toka kwenye mfereji, kwangua donge lote kwa kipande cha plastiki cha mfukoni, sugua juu ya nta iliyobaki mkono mmoja mwembamba wa nta ngumu zaidi, kisha rudi ukiwa unaendelea kusogeza skii bila kusimama, kwa sababu theluji hujijenga haraka zaidi skii inapotulia.