Azimio la kazi ni nini na mzazi linamsaidia nini

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, na kila tukifunga shule mwezi wa sita wazazi wakija kuchukua ripoti swali ni lilelile, mwalimu, mwanangu amekuwa wa ngapi, ukimwambia wa 14 anashukuru au ananuna kisha anaondoka. Ni mara chache sana mzazi aulize muhula huu kwenye Sayansi wamesoma nini, na hilo ndilo swali linaloweza kumsaidia mtoto kuliko hata hiyo nafasi. Jibu lake lipo, limeandikwa, liko kwenye faili la mwalimu tangu shule inafunguliwa, linaitwa azimio la kazi, sisi wenyewe ofisini tunaita skimu tu.

Azimio la kazi ni mpango wa muhula mzima wa somo moja kwa darasa moja, unaonyesha wiki kwa wiki watoto watajifunza nini, kwa vipindi vingapi, kwa kutumia nini, na watapimwa vipi. Basi. Hisabati darasa la tatu lina lake, Kiswahili lina lake, Sayansi lina lake.

Linatoka wapi? Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, inatoa muhtasari wa kila somo na huo ni mmoja nchi nzima, wa mtoto wa Igogo ndio huohuo wa mtoto wa Ukerewe. Ila muhtasari hausemi wiki ya pili ya Februari ufundishe nini, unasema tu mtoto wa darasa fulani kwa mwaka mzima anatakiwa awe anaweza nini. Kwa hiyo mwalimu anakaa na kalenda, anatoa likizo, sikukuu na wiki za mitihani, halafu zile wiki zinazobaki anazigawia kazi. Muhula wa kwanza unaanza Januari mpaka Juni, wa pili Julai mpaka Desemba, kila mmoja unakatwa na likizo fupi katikati. Kutoka kwenye azimio ndio anaandika andalio la somo, ambalo ni la kipindi kimoja tu, dakika 40 kuanzia darasa la tatu, na dakika 30 kwa wale wadogo wa la kwanza na la pili.

Ukilifungua utakuta jedwali. Kuna safu ya umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, vifaa, njia ya kupima, rejea, na mwisho kabisa maoni. Usiogope hayo maneno makubwa, mzazi soma shughuli za kujifunza na wiki, hapo utaelewa kila kitu.

Tuchukue mstari mmoja wa Hisabati, vipimo. Shughuli ya kujifunza inaweza kuandikwa hivi: kupima uzani wa vitu kwa kutumia gramu na kilogramu, vipindi vitano, vifaa ni mizani na vitu vya mazingira ya shule. Sasa mwalimu wa hapa Kirumba hahitaji kwenda mbali, dagaa wapo. Sado moja (kile kindoo cha kupimia sokoni) ya dagaa wakavu na sado moja ya mchele zinajaa sawasawa lakini ukiziweka kwenye mizani mchele ni mzito zaidi, mtoto anaona kwa macho yake kwamba ujazo na uzani ni vitu viwili tofauti, hapo hata usipomkaririsha hasahau. Mzazi anayeuza kwenye soko la samaki la Mwaloni akijua kwamba wiki hii wapo kwenye uzani anaweza kumwita mtoto Jumamosi asome mzani mwenyewe, na hiyo ni zaidi ya tuisheni.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, ukiyaweka maazimio ya masomo yote pembeni kwa pembeni unaona masomo yanashikana. Sayansi wanasoma magonjwa na usafi, na kwetu huwezi kufundisha hilo ukaacha kichocho, kwamba vimelea vinatoka kwa konokono wa majini na vinapenya kwenye ngozi ya anayeoga au kuchota maji ziwani, na kwamba anayejisaidia ziwani, haja kubwa au ndogo, ndiye anaendeleza mzunguko. Jiografia na Mazingira wanasoma Ziwa Victoria lenyewe, tunalogawana na Kenya na Uganda. Kiswahili wanaandika habari fupi, basi waandike kuhusu mwalo wanaoujua, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Walimu wakipangilia vizuri hivyo vitu vinaangukia wiki zinazokaribiana, na mtoto anaelewa mara mbili. Hili mimi nalipigania kila mwanzo wa muhula. Darasa la kwanza na la pili ni tofauti kidogo, pale nguvu kubwa ipo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu.

Azimio linasaidia sana pia mtoto akihama shule, na sisi wa kanda ya ziwa tunahama, wavuvi wanafuata samaki, leo familia ipo Nansio mwezi ujao ipo Igombe. Muhtasari ni mmoja lakini kila mwalimu amepanga wiki zake, kwa hiyo shule aliyotoka inaweza kuwa imemaliza kugawanya na haijagusa sehemu (yaani nusu, robo na kadhalika), anakoenda wameanza na sehemu, mtoto akifika anaonekana mzito kumbe hilo hajafundishwa kabisa. Kabla hujahama pitia kwa mwalimu wa darasa, omba kupiga picha ya azimio la kila somo kwa simu, ukifika mpe mwalimu mpya. Ni dakika kumi tu.

Na usiache kuangalia ile safu ya maoni. Pale mwalimu anatakiwa aandike kilichofundishwa kikaeleweka na kilichobaki. Ukikuta imeandikwa haijakamilika, watarudia muhula wa pili, ujue hicho ndicho cha kumshikisha mtoto likizo ya Juni, na muulize mwalimu kipo ukurasa gani wa kitabu cha kiada.