Kabla Hujapiga Windows Mpya Kwenye Laptopu ya Zamani, Soma Namba za Chipu

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, meza yangu hapa Kariakoo haikauki laptopu za zamani. Nyingi ni za mtumba, zimeshatumika ofisini huko Ulaya kabla ya kufika mjini, na wenyewe wanakuja na ombi lilelile: "Fundi, nipigie Windows mpya."

Kupiga Windows, yaani kuisakinisha upya, si kazi. Ukiwa na flashi nzima na SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka), muda wa kunywa chai umekutosha. Kazi inaanza mashine ikishawaka. Waifai haionekani, sauti haitoki, maandishi yamekuwa makubwa kama ya bango, mwangaza wa kioo haupungui. Hapo ndipo mwenye mashine anaambiwa kadi imeungua, anauziwa nyingine, na kumbe kilichokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kuongea na chipu fulani.

Tatizo ni jinsi watu wanavyoitafuta. Wanaandika jina la laptopu kwenye Google, wanabofya kitufe cha kijani cha kwanza, wanashusha kitu kinachojiita msasishaji wa draiva, na mashine inabaki bila waifai huku imeongezewa matangazo. Kutafuta draiva kwa jina la laptopu ni sawa na kwenda kwenye maduka ya Gerezani kuulizia spea ya gari kwa kutaja rangi ya bodi.

Chukua HP ProBook 4530s, mashine ya mwaka 2011 ambayo naendelea kuipokea. Nje zote zinafanana. Ndani, moja ina kadi ya waifai ya Broadcom, nyingine ya Ralink, nyingine ya Atheros au Intel. Kiwanda kilifunga kadi iliyokuwepo kulingana na oda na nchi inakokwenda. Na ikiwa ni ya mtumba, huwezi kujua fundi wa katikati alibadilisha nini. Kwa hiyo mimi jina la kwenye mfuniko nalisoma mwisho. La kwanza ni namba ya chipu yenyewe.

Namba hiyo inapatikana hivi. Bofya kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya mashine. Kifaa kisicho na draiva kina alama ya njano. Kibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, kisha Details, na kwenye orodha inayoshuka chagua Hardware Ids. Utaona mstari wa aina hii:

PCI\VEN_14E4&DEV_4727&SUBSYS_…103C

VEN ni kiwanda kilichotengeneza chipu, DEV ni chipu gani hasa, na herufi nne za mwisho za SUBSYS zinamtaja aliyeifunga kwenye mashine. 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo. Upande wa viwanda vya chipu, zilizonikaa kichwani kwa kuziona kila siku ni 8086 ya Intel (waliokumbuka prosesa yao ya mwaka 1978, nadhani walikuwa wanajifurahisha), 10EC ya Realtek, 14E4 ya Broadcom, 168C ya Atheros, 1814 ya Ralink, 1002 ya AMD na 10DE ya NVIDIA.

Mstari ule wa juu umetoka kwenye mashine ya dada mmoja mwenye steshenari. Alifika akiwa ameshakata tamaa.

"Fundi mwenzako kaniambia kadi imeungua."

"Dada, ingekuwa imeungua isingejitaja."

Ndivyo ilivyo karibu mara zote. Kadi iliyokufa haionekani kabisa kwenye Device Manager. Inayoonekana na alama ya njano, ukifungua ukakuta Code 28, ni nzima, haina draiva tu. Yake ilikuwa Broadcom 4313. Nikaingia catalog.update.microsoft.com, ghala la Microsoft lenyewe, nikabandika PCI\VEN_14E4&DEV_4727 kwenye kisanduku cha kutafutia, na zikatoka draiva kadhaa za chipu hiyohiyo. Hili ghala ndilo ninalolitegemea kuliko tovuti nyingine yoyote, na nashangaa mafundi wengi hawalitumii. Halina matangazo wala vitufe vya uongo, na kila kilichomo kina saini ya kidijitali inayothibitisha kilikotoka.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba faili linashuka likiwa na mkia wa .cab, na ukilibofya halijisakinishi. Tengeneza folda, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, yaani kwa Run as administrator, andika expand -F:* ikifuatiwa na jina la faili na jina la folda. Kisha rudi Device Manager, chagua Update driver, uionyeshe ile folda. Waifai ya dada ikaamka palepale, na akaanza kuhesabu kazi za wateja zilizolala.

Utauliza, hiyo draiva naishushaje wakati mashine haina mtandao? Simu. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering, na Windows 10 au 11 itaisoma simu kama kadi ya mtandao bila kudai chochote. Ila mara tu mtandao huo ukitokea, linda bando lako. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, washa Metered connection, la sivyo Windows itaanza kujishushia masasisho ya gigabaiti kadhaa na utabaki unatazama ujumbe wa bando kuisha. Ukishalilinda hivyo, angalia pia kwenye Windows Update sehemu ya Optional updates. Draiva nyingi za mashine za kati ya 2011 na 2015 zimekaa humo, zinasubiri mtu azitiki.

Njia nzuri zaidi ni kutokosa kabisa. Kama mfumo wa zamani bado unawaka na kila kitu kinafanya kazi, usiufute kabla hujachukua draiva zake. Kwenye Windows 8.1 na 10 tengeneza folda kwenye flashi, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

dism /online /export-driver /destination:E:\draiva

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Draiva zote ambazo hazikuja na Windows yenyewe zitanakiliwa humo. Windows 7 haina amri hii, basi nakili folda nzima ya C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Ukimaliza kupiga mfumo mpya, amri hii inazirudisha kwa mkupuo:

pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install

Sharti moja halina msamaha. Kama ulikuwa na Windows ya biti 32 (aina ya zamani) na sasa unakwenda ya biti 64, draiva za zamani hazikusaidii. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa, kwa hiyo wenye printa na skana za zamani wahakikishe kwanza kwamba draiva ya biti 64 ipo. Mwenye steshenari akipoteza skana amepoteza nusu ya biashara.

Sasa, mara nyingi utakuta tovuti ya kiwanda inakupa draiva ya Windows 7 peke yake, na programu yake ya kusakinisha inagoma: mfumo huu hautambuliki. Usikate tamaa mapema. Draiva za HP, zile zenye majina ya sp na tarakimu, hujifungua kwanza ndani ya C:\SWSetup kabla ya kugoma. Ingia humo utafute faili lenye mkia wa .inf, lifungue kwa Notepad, utafute DEV ya chipu yako. Ukiikuta, angalia vichwa vya sehemu zake. NTamd64 maana yake ni biti 64, hata kama mashine yako ni ya Intel. Tarakimu zinazofuata ni toleo: 6.1 ni Windows 7, 6.2 ni Windows 8, 6.3 ni 8.1, na 10.0 ni Windows 10. Kama orodha ya 6.1 ina chipu yako na hakuna orodha mpya zaidi iliyoiondoa, Windows 10 huikubali. Ionyeshe folda hiyo kupitia Device Manager, achana na ile programu inayogoma. Ila usilihariri faili la .inf kujaza namba yako mwenyewe. Saini inavunjika, na Windows ya biti 64 itaikataa draiva.

Majina ya kutisha kwenye orodha ya njano nayo yana maelezo. "PCI Simple Communications Controller" kwenye mashine za Intel ni Management Engine, tafuta draiva iitwayo MEI. "SM Bus Controller" inataka draiva ya chipseti, yaani chipu kuu za ubao wa mashine. "Base System Device" aghalabu ni tundu la kadi ya memori. Na "Unknown device" soma namba yake: ACPI\HPQ0004 ni kihisio cha HP kinacholinda diski mashine ikidondoka, ACPI\SMO8800 ni cha namna hiyohiyo upande wa Dell, ACPI\LEN0068 ni usimamizi wa umeme wa Lenovo. Kama umeshaweka SSD, hivyo viwili vya kwanza havina cha kulinda. Mteja akiniambia ile njano inamkera, namwekea. Asiponiambia, naendelea na kazi nyingine.

Upande wa picha za kioo, ukiona "Microsoft Basic Display Adapter" ujue mfumo unatumia draiva ya dharura, ndiyo maana mwangaza haupungui. Intel HD 3000 na HD 4000 hupata draiva kupitia Windows Update, iache mashine mtandaoni kidogo. Wenye kadi mbili za picha, Intel pamoja na AMD za miaka ya 2010 hadi 2012, watumie draiva ya kiwanda cha laptopu na si ya AMD, la sivyo kioo kinaweza kubaki cheusi.

Kwa nini baadhi ya draiva zimepotea kabisa? Kampuni zimemezana. Atheros ilinunuliwa na Qualcomm mwaka 2011, Ralink ikaenda MediaTek mwaka huohuo, na tovuti zao za zamani hazipo tena kama zilivyokuwa. Kinachobaki ni nakala kwenye ghala la Microsoft na kwenye kurasa za watengenezaji wa laptopu.

Draiva ya waifai ikishindikana kabisa, usikimbilie kununua kadi ya ndani. ThinkPad za Lenovo na HP nyingi za zamani zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya Windows. Ukiweka ya kigeni ThinkPad inasimama na kosa 1802, HP inasema 104, na mashine haiwaki mpaka uitoe. Nunua adapta ndogo ya waifai ya USB, na kabla hujaondoka dukani ichomeke uone kama Windows inaitambua.

Kuhusu Windows 11: Microsoft wanataka, kwa sehemu kubwa, Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, TPM 2.0 (chipu ya usalama) na RAM ya GB 4. Njia za kuruka ukaguzi wa masharti hayo zipo na mjini zinajulikana. Kwa upande wa draiva hakuna kikwazo kikubwa, maana ndani Windows 11 bado inajihesabu kama 10.0. Ila Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyoruka ukaguzi, na mwenye mali anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajalipa. Wenye Core 2 Duo wasihangaike: kuanzia toleo la 24H2 mfumo unadai amri ya prosesa iitwayo POPCNT, ambayo Core 2 haina, na hauwaki.

Kwa mashine ya GB 4 inayotumika kuandika barua na kuingia mtandaoni, napendekeza Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Draiva nyingi zimo ndani ya mfumo wenyewe, na unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ujaribu waifai, sauti na mwangaza kwanza. Amri ya lspci -nn inakupa namba zilezile za VEN na DEV. Mwiba ni Broadcom tena, hasa BCM43142, inayohitaji draiva ya pembeni iitwayo wl. Hapo ile simu na waya wa USB vinakusaidia tena.

Kuna kifaa kimoja ambacho sikipiganii. Visoma alama za vidole vyenye namba USB\VID_08FF ni vya AuthenTec, kampuni ambayo Apple waliinunua mwaka 2012, na kuvipatia draiva nzuri ya Windows 10 ni kazi isiyolipa. Navizima kwenye Device Manager, namwambia mwenyewe atumie nywila.

Kila kitu kikishatulia naendesha tena ile amri ya dism, safari hii kwenye mfumo mpya, na folda naiacha kwenye diski D ya mteja pamoja na nakala kwenye flashi yake. Akipeleka mashine kwa fundi mwingine kesho kutwa, aanze kwa kumpa hiyo folda.