Spina ikishuka, usikimbilie kusogeza kaulingi

Nikifika kwenye ndege yoyote ya injini moja, kabla sijagusa hata skrubu, nasimama mbele yake hatua tatu nne hivi naiangalia pua. Wenzangu hangani (banda la ndege) wananitania eti naipiga ya pasipoti. Watanie tu, lakini pale kwenye kile kipengo chembamba kati ya spina na ukingo wa kaulingi ndo ndege inakusimulia maisha yake yote, imetuliwa vipi, imekaa juani kiasi gani, na fundi wa mwisho alikuwa mtu wa aina gani.

Kwa msiozijua ndege ndogo, spina ni ile koni iliyofunika katikati ya propela, inazunguka nayo. Kaulingi ni boneti, haizunguki. Sasa shika hili maana mengine yote yanatokea hapa: spina imefungwa kwenye injini, kaulingi imefungwa kwenye bodi ya ndege, na hivyo viwili havijashikana popote. Injini yenyewe inaning'inia kwenye raba. Kwa hiyo ukiona spina imekaa chini kuliko ukingo wa kaulingi, basi kuna mmoja kahama, na kazi yako ya kwanza ni kumjua huyo aliyehama.

Juzi kati kaja rubani mmoja kijana hapa Arusha na Cessna 172, ananiambia "Mkuu, kaulingi yangu imepanda, nishushie kidogo." Nikacheka kimoyomoyo. Nikachukua biti zangu za drili, ndo geji yangu ya siku zote, unaingiza upande wa shina sio upande wa meno, unaanza nyembamba unapanda mpaka ikatae. Juu ya spina ikaingia ya milimita 8. Kushoto na kulia ya 6. Chini ikaingia ya milimita 3 na nusu kwa kulazimisha. Hapo hata bila kufungua kitu ushajua, kaulingi haijapanda popote bwana, injini imeinamisha kichwa. Ikiinama, sehemu ya juu ya spina inasogea mbele na pengo linapanuka, ya chini inarudi nyuma linabana. Ingekuwa kaulingi tu ndo imesogea juu, mapengo ya juu na chini yangebaki karibu sawa na ungeona ngazi tu kwenye ukingo.

Kwa nini inainama? Injini ya Lycoming O-320, ambayo Cessna waliianza kwenye 172 mwaka 1968 baada ya ile Continental O-300 ya silinda sita, ina zaidi ya kilo 110 kabla hujafunga propela. Uzito wote huo umeshikwa kwa nyuma, kwa bolti nne, kwenye fremu ya mabomba iliyofungwa kwenye fayawoli, ule ukuta wa bati kati ya injini na chumba cha rubani. Jaribu kushika ndoo ya maji mkono umenyooka mbele uone bega linavyosema. Bolti mbili za juu injini inazivuta kwenda mbele, mbili za chini inazisukuma kurudi nyuma, masaa 24, hata ndege ikiwa imelala hangani.

Kila bolti ina raba mbili kama mkate wa sandwichi, moja mbele ya fremu, nyingine nyuma yake. Kwenye mfumo unaoitwa dainafokali, uliobuniwa na kampuni ya Lord ya kule Erie, Pennsylvania, hizo bolti hazijanyooka, zimelazwa kwa pembe, kuna za digrii 30 na za digrii 18, ili mistari yake ikutane mbele karibu na pale uzito wa injini na propela unapobalansi. Injini ikitetemeka inakuwa kama inazungukia hapo katikati yake yenyewe badala ya kuutikisa mwili mzima wa ndege. Akili kubwa sana hiyo, mi bado inanishangaza.

Ila kuna mtego. Kwenye aina nyingi hizo raba mbili za sandwichi hazifanani, moja ni ngumu kuliko mwenzake, na kwa macho zinaonekana mapacha. Ngumu inakaa upande unaobanwa na uzito, na kwa vile juu injini inavuta na chini inasukuma, mpangilio wa juu ni kinyume cha mpangilio wa chini. Miaka yangu ya mwanzo nilizifunga zote nne namna moja, nadhifu kabisa, nikafuta vumbi nikamwita mzee wetu aje aone. Akaangalia pua, akaangalia mimi, akaniuliza "umesoma namba au umesoma rangi?" Nikafungua zote upya, siku nzima ikaenda.

Raba zinachoka kwa joto, kwa oili inayovuja juu yake, na kwa umri tu. Huku kwetu ongeza viwanja vya vumbi na changarawe, ndege inatua mbugani mara nne kwa siku, kila mguu wa mbele ukigonga shimo injini inanesa pale mbele. Raba ikichoka inavimba pembeni, inapasuka, mpaka chuma kinaanza kugusa chuma, na hapo rubani atakwambia siku hizi dashibodi inatetemeka sana. Chukua tochi uangalie, alafu hakikisha swichi ya magneto (mtambo wa cheche za injini) iko ofu na funguo iko mfukoni mwako, shika propela pale kwenye shina karibu na habu, kitovu chake (usishike spina, utaipasua) inua na kushusha taratibu. Injini nzima inatakiwa inese na irudi kama godoro jipya. Ikianguka kwa mlio wa "tok", basi raba zimekwisha.

Lakini sio kila pua iliyoinama ni raba, na hapa ndo pa kuwa makini kuliko kote. Kwenye Cessna hizi mguu wa mbele umeshikizwa kwenye fayawoli. Mtu akitua kwa pua badala ya magurudumu ya nyuma, akadundadunda, ile fayawoli inajikunja, na fremu ya injini inaifuata. Ukibadilisha raba hapo umepaka rangi ukuta wenye ufa. Mi naingia ndani nalala chini ya pedali na tochi, natafuta bati lililokunjamana, rivati zilizolegea zenye kamoshi keusi pembeni yake, nauliza pia kama usukani wa ardhini umekuwa mgumu. Alafu napima kwa futi kutoka kwenye rivati maalumu za fayawoli mpaka kwenye flanji ya propela (sahani ya chuma inapofungwa propela), nalinganisha na ndege nyingine ya modeli ileile. Linganisha na dada yake, usilinganishe kushoto na kulia ukategemea zilingane, kwa sababu ndege nyingi injini imefungwa makusudi ikiwa imegeuka kidogo, mara nyingi kulia, kupunguza ile tabia ya ndege kuvuta kushoto ukiwa na nguvu zote. Hiyo ni kwa propela zinazozunguka kama mishale ya saa ukiangalia toka kwa rubani, kama za Lycoming na Continental. Ile ndege ya zamani Tiger Moth na injini yake ya Gipsy Major inazunguka kinyume, kwa hiyo na mvuto wake ni kinyume. Nishaona fundi anahangaika kunyoosha kitu ambacho kiwanda kilikipinda kwa akili zake timamu.

Sasa kwa nini tusumbuke, si milimita nne tu? Kwanza ekzosi. Bomba lake limefungwa kwenye injini lakini linatokea kwenye tundu la kaulingi ya chini, injini ikishuka bomba linashuka, linaanza kusugua, rangi inaungua. Pili ringi gia ya stata, ile yenye meno nyuma ya propela, ikikaribia kaulingi inaisaga kama msumeno hasa wakati wa kuwasha na kuzima, maana ndo injini inaruka ruka kuliko muda wowote. Ukifungua kaulingi ukakuta ndani kuna mstari wa upinde unang'aa, kama mtu kapitisha msasa, ni huyo.

Tatu, na hii watu hawaiwazi kabisa, ni ubaridi. Injini hizi hazina rejeta. Hewa inaingia kwa matundu mawili ya mbele, inajazana juu ya silinda, alafu inalazimishwa kushuka katikati ya mapezi yake na kutokea chini. Kinachoizuia isitoroke ni bafoli, vile vibati vinavyoizunguka injini (sio bafu jamani, kuna mwanafunzi aliwahi kuandika bafu kwenye ripoti), na juu yake kuna mkanda wa silikoni unaolalia kaulingi kwa ndani. Bafoli zimefungwa kwenye injini. Injini ikishuka, mkanda unaachana na kaulingi na hewa inapita zake juu bila kugusa silinda. Lycoming nyingi mwisho kabisa wa joto la kichwa cha silinda ni 500 Farenhaiti, ila wenyewe wanashauri kama unataka injini idumu usivuke 435 kwenye kruzi (safari ya angani iliyotulia) ya nguvu, na 400 kwenye kruzi ya kubana mafuta. Hapa Arusha uwanja uko karibu futi 4,500, hewa ni nyepesi tangu ardhini, ukipoteza kidogo unaiona kwenye geji hapohapo.

Kucheki mkanda ni rahisi: paka chaki juu yake, funga kaulingi, fungua. Pasipo na alama ya chaki ndani ya kaulingi, hewa inapita. Wanaojijengea ndege nyumbani wana ka ujanja kengine, wanachomeka klipu za karatasi kwenye kingo za bafoli, wakifunga kaulingi zinasukumwa chini na kuchora umbo lenyewe. Haohao wanafunga spina juu kidogo ya kaulingi, kama milimita 3, kwa sababu wanajua raba mpya zitakaa zitulie. Wengine wanaongeza washa (zile ringi bapa za bolti) nyuma ya raba za chini kuinua pua. Kwenye ndege yenye cheti cha kiwanda usiige hiyo ya washa, fuata kitabu chake.

Haya, turudi kwa kijana wangu. Fayawoli ilikuwa safi, raba zilikuwa zimekwisha. Nikainua injini kwa cheni bloku kwenye pete yake ya juu, kiasi tu cha kuondoa uzito, nikabadilisha moja baada ya nyingine, namba nikizisoma kwa sauti. Nikashusha, nikafunga kaulingi, nikaingiza biti: juu milimita 6, chini 6. Safi. Ila spina sasa ikawa imechomoza juu ya ukingo wa kaulingi, kitu kama milimita 4!

Nikatoa skrubu zote nikaangalia matundu ya kaulingi moja moja. Hayakuwa duara, yalikuwa yamechongwa kwa tupa yakawa kama yai, marefu kuelekea juu. Kuna mtu miaka ya nyuma aliona spina imeshuka, akaishusha kaulingi iifuate, akapaka rangi, akaondoka. Alafu raba zikaendelea kushuka zenyewe, na kijana akaja kuniomba nifanye hivyohivyo mara ya pili.

Ikabidi tuweke viraka na kutoboa matundu upya kama kitabu kinavyotaka, siku mbili zaidi kwenye bili. Yule rubani kijana akawa anazunguka amekasirika, "Sasa fundi gani anaweza kufanya hivi?" Nikaendelea kusugua viraka. Hanga ya kwanza niliyoajiriwa, bosi alinipa tupa akaniambia sogeza kaulingi mteja anasubiri, na nilisogeza, ndege tatu ninazozikumbuka, na sijui ziko wapi leo.