Uongozi wa kiimani kwa watumishi wa afya na ustawi wa jamii, maana yake nini hasa

Wengi wakisikia kuna mafunzo ya uongozi wa kiimani kwa manesi, madaktari na maafisa ustawi wanadhani ni semina ya maombi, mnaimba, mnapewa cheti mnarudi kazini. Hapana. Ni mafunzo ya uongozi kabisa, kupanga zamu, kusimamia bajeti, kukaa na mtu aliyekosea, ila yanaanzia kwenye swali la dini: hawa watu na hii mali nimekabidhiwa na nani, na siku nikiulizwa nitajibu nini.

Kiswahili chenyewe kinasaidia hapa. Daktari wa serikali ni mtumishi wa umma, mchungaji naye tunamwita mtumishi wa Mungu, neno lile lile. Mwaka 1970 Mmarekani Robert Greenleaf, aliyefanya kazi miaka mingi kampuni ya simu ya AT&T, aliandika kwamba kiongozi wa kweli anaanza kwa kuwa mtumishi, na kozi nyingi zinatumia wazo lake mpaka leo. Lakini Wakristo wanalijua toka Marko 10, anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi wa wenzake, na Waislamu wana hadithi ya Mtume kwamba kila mmoja wenu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Kwa Tanzania hili sio jambo la pembeni maana hospitali za dini ni nyingi na zingine ni kubwa sana, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, na toka 1992 makanisa yana chombo cha pamoja cha huduma za jamii, CSSC. Kwenye hospitali za hivi unaweza kukuta aliyeajiriwa na serikali na aliyeajiriwa na kanisa wako wodi moja zamu moja, sasa inchaji, yaani msimamizi wa wodi, anayejua kuamrisha tu hapo atapata shida.

Chukua ishu ya msamaha wa matibabu. Mzee amepona, ameruhusiwa, hela ya bili hana, uhasibu wanataka hela na hawana ubaya, dawa za mgonjwa wa kesho zinanunuliwa na hela hizo hizo, afu afisa ustawi ndo anatakiwa amhoji na apendekeze alipe au asamehewe. Huruma peke yake haimtoshi. Anatakiwa ampime huyu mzee asiyemjua kama atakavyompima muumini mwenzake anayekaa naye benchi moja Jumapili, na aandike sababu ili mwingine aje aikague. Mi naona mkufunzi akimaliza nusu siku kwenye kesi moja kama hiyo amefundisha kuliko slaidi mia.

Au nesi amekosea dozi usiku. Kama matroni anaogopwa, kosa linafichwa na anayeumia ni mgonjwa.

Na tuelewane, hii sio ruhusa ya kuhubiria wagonjwa. Mtu yuko kitandani na dripu mkononi, hawezi kuinuka akaondoka, kwa hiyo ukimlazimisha sala unamuonea kabisa. Muislamu aliyelazwa hospitali ya misheni akiomba aitiwe shehe, kiongozi aliyefundishwa vizuri anahakikisha shehe ameitwa.

Kabla hujalipia kozi yoyote ya namna hii omba ratiba uisome, ukikuta aya tu na hakuna zamu, bajeti wala malalamiko ya wagonjwa, hiyo ni ibada, nenda ukiwa unajua unaenda ibadani.