Je, Wajua? Kwa Nini Picha Iliyompa Mchoraji Cheo kwa Papa Ikapotea?

Papa Leo X, aliyeingia madarakani mwaka 1513, alizawadiwa picha ya Lucretia na mchoraji Giovanni Antonio Bazzi, maarufu kwa jina la Sodoma. Akapendezwa nayo mno. Alimlipa, na juu ya malipo akamtunuku cheo cha heshima cha Kavaliere wa Kristo, yaani askari-farasi wa Kristo. Ungetarajia picha ya namna hiyo itunzwe kama mboni ya jicho. Lakini leo ukiuliza ni ipi, utapewa majibu yanayopingana.

Kwanza tumjue Lucretia mwenyewe. Katika simulizi za Waroma alikuwa mke wa Collatinus. Sextus Tarquinius, mwana wa mfalme, alimwingilia usiku na kumtishia: akikataa, atamuua na kumlaza kando yake mtumwa aliyeuawa, ili ionekane wamefumaniwa. Kulipokucha Lucretia akawaita baba yake na mumewe, akawasimulia yote, akawaapisha walipize kisasi, kisha akajichoma kisu. Brutus, aliyekuwapo hapo pamoja na mumewe, alikichomoa kisu hicho na kuapa kuwafukuza wafalme. Waroma waliamini jamhuri yao, ya mwaka 509 KK, ilizaliwa siku hizo. Ndiyo maana wachoraji wa Italia na Ujerumani walimchora tena na tena. Mjerumani Lucas Cranach peke yake na karakana yake walitoa Lucretia kwa makumi.

Habari za picha ya Sodoma tunazipata kwa Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji na kutoa toleo kubwa la kitabu chake mwaka 1568. Vasari hakumpenda Sodoma hata kidogo. Anamsema kwa uvivu, kwa mavazi ya madoido, na kwa kujaza nyumba wanyama: kindi, kima, punda wadogo, na kunguru aliyefundishwa kusema, akaiga sauti ya bwana wake hata mgeni aliyebisha hodi akadhani ni mwenye nyumba anayeitika. Lakini alipofika kwenye Lucretia, baada ya kutangulia kusema kwamba bahati huwatunza wendawazimu, akakiri kuwa mwili wa mwanamke yule ulikuwa mzuri ajabu na uso wake ulikuwa kama unaopumua. Mimi nauamini ushahidi huo kuliko sifa za rafiki yeyote. Asiyekupenda hakusifii bure.

Tatizo ni kwamba ushahidi wenyewe ni mfupi. Vasari anasema Lucretia yuko uchi na anajichoma kwa kisu, basi. Hatoi vipimo, wala hataji rangi au kilichokuwa nyuma yake. Tena mwandishi huyohuyo anataja Lucretia mwingine wa Sodoma, wa kwenye kitambaa, aliyeshikwa na baba na mume, mali ya mtu binafsi. Kwa hiyo mchoraji alirudia mada hiyo, na Lucretia wanaohesabiwa kuwa kazi ya mkono wake wapo Turin, Hannover na Budapest.

Hapo ndipo penye jibu. Picha aliyochora Sodoma kwenye plasta ya ukuta haihami kirahisi. Harusi ya Aleksanda na Roxana, aliyoichora katika jumba la Agostino Chigi, tajiri wa benki kutoka Siena aliyemsaidia kufika kwa Papa, bado iko palepale Roma. Picha ya kubebeka ina maisha mengine. Mwenye picha akifa inarithiwa, inauzwa kulipa deni, inachukuliwa vitani. Leo X alifariki mwaka 1521 akiacha madeni makubwa, na mwaka 1527 askari waliuvamia mji wa Roma na kupora majumba yake. Katika kuhamahama huko, kinachotangulia kupotea mara nyingi ni jina. Karani anaandika kwenye orodha ya mali "Lucretia" tu, bila mchoraji. Miaka mia baadaye mnunuzi anaambiwa ni ya Leonardo au Raphael ili bei ipande.

Wataalamu wanaweza kupima umri wa mbao, ikiwa picha imechorwa juu ya mbao, na kuangalia kwa miale mchoro wa awali ulio chini ya rangi. Vipimo hivyo vinaweza kusaidia kuonyesha kwamba mkono ni wa Sodoma. Haviwezi kuonyesha kwamba picha ile ndiyo iliyosimama mbele ya Leo X. Hilo linahitaji karatasi, orodha ya mali au barua inayoifuata kutoka mkono hadi mkono.