Mwarobaini hauna kwinini

Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu mama mmoja na mtoto mgongoni, homa siku ya tatu, akaomba panado ya maji. Nikamuuliza kama mtoto amepimwa malaria. "Sina haja, dada, nimeshamnywesha mwarobaini. Si ndiyo kwinini yenyewe ile?"

Nauza dawa Tanga miaka kumi na minne sasa, na jibu hilo nimelisikia mpaka limenichosha. Hapana. Si kwinini, wala si ndugu yake.

Kwinini, dawa ya malaria, hutoka kwenye magome ya mkwinini, mti wa milima ya Andes, Amerika Kusini, wa ukoo mmoja na mbuni wa kahawa. Wanakemia Wafaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga kutoka kwenye magome hayo mjini Paris mwaka 1820. Mwarobaini ulitufikia kutoka India, na ukoo wake ni wa mkangazi. Kwinini ni alkaloidi: ndani ya molekuli yake mna naitrojeni. Uchungu wa mwarobaini unatokana na limonoidi, kama azadirachtini, ambayo ni kaboni, haidrojeni na oksijeni basi. Ulimi hauna uwezo wa kuzitofautisha, na nadhani hapo ndipo kosa lilipoanzia: wazee walionja kidonge cha zahanati, wakaonja majani ya uani, wakaona uchungu ni ule ule.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mkwinini wenyewe haukuwa mbali nasi. Wajerumani waliupanda Amani, huku huku Usambara, na katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, walikunywa mchemsho wa magome yake. Upande wa Kivu, Kongo, ungali unalimwa. Ukiuona hutaufananisha na mwarobaini: jani lake ni moja pana, halina vijani vyembamba vyenye meno vilivyopangana kwenye kikonyo.

"Mbona homa ilishuka?" Homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe, ndiyo tabia yake. Tena homa nyingi si malaria kabisa; zingepoa hata kwa maji matupu. Ni kweli kwamba gedunini, kemikali ya mwarobaini, huua vimelea ndani ya chupa za maabara, lakini chupa si damu ya mtoto. Kwinini halisi mtu mzima hupewa miligramu 600 kila baada ya saa 8 kwa siku 7, na hata kwa kipimo hicho masikio huvuma, na sukari ya damu inaweza kushuka vibaya. Sasa niambie, kikombe cha majani yaliyochemshwa kina miligramu ngapi, na za nini? Mafuta ya mbegu ndiyo usiyakaribishe kabisa kinywani mwa mtoto mchanga. Huko Malaysia watoto waliopewa walitapika, wakashikwa na degedege, wengine wakafa.

Siudharau mti huu. Majani yake nayaweka kwenye gunia la maharage, na kijiti chake kinanisafishia meno. Ila mtoto mwenye homa atolewe tone la damu leo, si kesho, kwa sababu malaria kali humwangusha mtoto mdogo kwa muda mfupi mno. Ikionekana, kuna dawa mseto. Ikiwa kali, kuna sindano ya artesunate hospitali. Yule mama nilimfungia duka nikampeleka mwenyewe kupima.

Mengine nayataja kwa haraka. Eti mitishamba haina kemikali: mnanaha una atropini na skopolamini. Moshi wa majani yake kweli hufungua kifua cha mwenye pumu, na mbegu zake humtia mtu wazimu wa siku nzima, moyo ukienda mbio. Mmea ni huo huo. Eti chai ya artemisia ni sawa na vidonge vya malaria: artemisinini, dawa iliyomo ndani yake, haiyeyuki vizuri kwenye maji, na mwanasayansi wa China Tu Youyou aliipata kwa kutumia etha, si maji. Eti ua la vinka la bustanini linatibu kansa: vinkristini, dawa ya kansa, hutoka humo kweli, lakini gramu moja hula mamia ya kilo za majani makavu, na inaingia mwilini kwa sindano ya mshipa, daktari akihesabu kila tone.

Na ukija kwangu au kwa mfamasia yeyote, usifiche ulichokunywa. Sitakugombeza. Niletee tawi lenye majani, na tunda kama lipo, maana jina moja la mti hubeba miti mitatu tofauti kutoka Pangani mpaka Lushoto.