Kwa nini posta za India ziliuza dawa ya malaria?

Kuanzia mwaka 1892, mwanakijiji wa Bengal, jimbo la India chini ya Waingereza, aliyekwenda posta kununua stempu aliweza kurudi nyumbani pia na kipakiti cha kwinini, dawa ya malaria. Aliuziwa na karani yuleyule, kwenye dirisha lilelile lililopokea barua, manioda (hawala za fedha) na akiba. Bei ilikuwa pesa moja. Rupia ilikuwa na ana 16, na ana moja ilikuwa na pesa 4, kwa hiyo rupia moja ilitosha vipakiti 64.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba hospitali zilikuwa chache na posta zilikuwa karibu. Lina ukweli, ila halitoshi. Polisi walikuwapo vijijini, walimu walikuwapo, na mkusanya kodi alifika hata kule ambako barua haikufika. Kama shida ingekuwa umbali tu, mkoloni angeweza kuanza na yeyote kati ya hao. Baadaye walimu na wachanjaji wa ndui nao waliuza kwinini, lakini hawakuwa wa kwanza.

Jibu la pili linalosikika sana ni kwamba vipakiti vilikuwa sehemu ya vita dhidi ya mbu. Hapa tarehe zinakataa kabisa. Daktari Mwingereza Ronald Ross alikiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu mwezi Agosti 1897, mjini Secunderabad, na wakati huo vipakiti vilikuwa vimeuzwa kwa miaka mitano. Kweli, Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa amekwisha kukiona kimelea chenyewe katika damu ya wagonjwa huko Algeria mwaka 1880, lakini jinsi kimelea kilivyohama kutoka mtu hadi mtu, hilo lilikuwa bado likibishaniwa, na madaktari wengi waliendelea kulaumu hewa mbaya ya vinamasi. Kwa hiyo serikali ya Bengal haikuwa ikipigana na mdudu yeyote. Iliuza unga uliojulikana tangu zamani kwamba unashusha homa, na wala hapakuwa na mbu katika hesabu zake.

Tuiangalie posta yenyewe, basi. Kilichoitofautisha na ofisi nyingine za serikali ni uzoefu wa kushika hela ndogondogo za watu wengi bila kupotelewa nazo. Kadi ya posta ilianza India mwaka 1879, na bei yake ilikuwa robo ya ana, yaani pesa moja, sawasawa na bei ya kipakiti cha kwinini miaka 13 baadaye. Manioda zikafuata mwaka 1880. Benki ya akiba ya posta ikaanza mwaka 1882, kwa mfano wa ile ya Uingereza ya 1861. Katika miaka michache, karani wa posta aligeuka mtu anayepokea sarafu ya shaba, kuiandika kitabuni na kupeleka hesabu ngazi ya juu.

Stempu ndiyo ufunguo wa mambo yote haya. Karani akipewa stempu 100 za pesa moja moja asubuhi, na jioni droo ina pesa 37, ni lazima stempu 63 ziwe zimebaki. Zikibaki 60, kuna mtu wa kuulizwa. Mkaguzi hahitaji kujua barua zilikwenda wapi wala ziliandikwa nini. Anahesabu vitu viwili tu, sarafu na karatasi. Uingereza walilipeleka jambo hili mbali zaidi: kuanzia 1880 mtoto aliweza kubandika stempu 12 za peni moja kwenye fomu, akaipeleka posta, ikapokelewa kama akiba ya shilingi moja. Stempu ilikuwa imekwisha kuwa aina ya fedha.

Sasa chukua unga wa kwinini, uugawe katika dozi zinazolingana, kila dozi uifunge kwenye karatasi na kuipa bei moja. Umepata stempu yenye dawa ndani. Karani hahitaji mizani, hahitaji kujua tiba, na hawezi kuchota kidogo bila kufungua karatasi. Faida hii haikuwa ndogo, kwa sababu kwinini ya sokoni ililalamikiwa sana kwa kuchanganywa na unga mwingine. Mnunuzi naye alijua bei kabla hajafika dirishani.

Unga ulitoka mikononi mwa serikali tangu mwanzo. Waingereza walileta mbegu na miche ya mkwinini, mti ambao magome yake hutoa kwinini, kutoka milima ya Andes ya Amerika Kusini miaka ya 1860, wakaipanda Nilgiri na Darjeeling nchini India, na huko Mungpoo, karibu na Darjeeling, serikali ilikuwa na shamba na kiwanda chake. Wakati huohuo magome ya mashamba ya Wadachi kule Java yalikuwa yameangusha bei ya kwinini duniani. Kazi ya kufunga vipakiti walipewa wafungwa wa jela ya Alipore, Calcutta. Mti wa serikali, kiwanda cha serikali, mikono ya wafungwa na dirisha la posta: sioni dawa nyingine ya nyumbani iliyopita njia kama hiyo.

Je, ilitibu? Hapa hesabu inatia mashaka. Kipimo kilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda, lakini kipakiti cha mwanzo kilikuwa na theluthi moja ya gramu hivi. Tiba ya kwinini ya vidonge kama inavyojulikana leo kwa mtu mzima wa kilo 60 ni miligramu 600 mara tatu kwa siku, kwa siku saba, na hata hivyo huambatanishwa na dawa nyingine. Jumla ni gramu 12.6, sawa na vipakiti 38 au 39 hivi. Kipakiti kimoja hakikufika hata dozi moja. Kimelea hula hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha hukigeuza kile kinachobaki, ambacho ni sumu kwake, kuwa fuwele zisizomdhuru. Inaaminika kwamba kwinini huvuruga ugeuzaji huo, ingawa ushahidi wake si thabiti kama ule wa klorokwini, dawa nyingine ya malaria. Ikiingia kidogo mno, vimelea hupungua, homa hushuka, mgonjwa hurudi shambani, na vimelea vilivyosalia huanza kuzaana upya.

Kwa maneno mengine, bei ndogo iliyoifaa posta ndiyo iliyopunja tiba. Madaktari wa serikali walikuja kuliona hilo, na Bengal ikaanza kutoa vidonge vingi vilivyofungwa pamoja ili kimoja kisinunuliwe peke yake. Hivyo navyo vikapelekwa posta.